Meza ya Mlangoni

Viti vipya vilipofika Voi kwa treni ya mizigo kutoka Mombasa, Zephaniah Mwandawiro alivipangusa kimoja kimoja kwa leso yake ya mfukoni, akavipanga, kisha akarudi kinyumenyume hadi barabarani ili avitazame kwa mbali. Ndipo alipoona kasoro. Viti vilikuwa vyekundu, vya miguu ya chuma inayometameta. Meza zilikuwa na vitambaa vya plastiki vyenye maua. Kuta zilinuka rangi mbichi, na juu ya mlango kulikuwa na kibao kipya: MWANDAWIRO HOTELI YA KISASA. Na pale pale mlangoni, kwenye meza ya kwanza, alikuwa ameketi mzee Abdulghani na kanzu yake iliyofubaa, kofia ya viua kichwani, gazeti la jana mkononi na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Ndivyo alivyokaa kila asubuhi kwa miaka minane.

"Huyu naye," Zephaniah alijisemea.

Miaka yote hiyo minane hoteli ilikuwa ya mkewe Jedidah, hata kama leseni iliandikwa jina la mume. Zephaniah alikuwa gadi wa treni, leo yuko Taveta, kesho Mombasa, na akija nyumbani alikula, akalala, akaondoka. Jedidah ndiye aliyeamka kuwasha moto, akakanda unga, akapika mbaazi za asubuhi, na kila Alhamisi akaponda kimanga cha muhogo na maharagwe kwa ajili ya Wadawida, Wataita wenzake walioteremka kutoka milimani na kukaa mjini hadi wakakonda kwa hamu. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi. Mabenchi yalikuwa ya mbao, moja lilichechemea na kila mteja alijua ni lipi. Hakuna aliyeulizwa atakula nini. Ukiketi tu, Jedidah alichungulia kutoka jikoni, akakutambua, chakula chako kikaja. Watu walivuka barabara, wakaipita hoteli ya Nzioka ambayo ilikuwa na redio, wakaja kuchunguliwa na Jedidah.

Kisha Reli ya Afrika Mashariki ikavunjika, Zephaniah akapewa kiinua mgongo chake na kurudishwa nyumbani moja kwa moja, akaitazama hoteli iliyokuwa ikimsomeshea binti yake Peris kule Bura, na akaona haina mpango. Ndivyo walivyo wanaume wakistaafu.

Alirekebisha tai yake, maana siku hizi alivaa tai, akamsogelea mzee.

"Shikamoo, mzee Abdulghani."

"Marahaba, bwana Zefania. Viti vizuri, mashallah. Lakini vyateleza kidogo."

"Ni vya kisasa. Mzee, nilikuwa na ombi dogo. Hii meza ni ya mbele. Sasa, unajua, kuna wateja wanaingojea."

Mzee alishusha gazeti, akatazama ndani ya hoteli. Meza nyingine tano zilikuwa tupu, na hapakuwa na mtu aliyesimama.

"Waingojea," alisema.

"Ndiyo, mzee. Nimekuwekea benchi kule nyuma, karibu na jikoni. Kuna joto zuri."

Abdulghani alilikunja gazeti mara mbili, polepole, akachukua kikombe chake mwenyewe na sahani yake ya mahamri mawili, akavuka hoteli nzima hadi uani. Aliketi kwenye lile benchi bovu lililotolewa ndani, akala mahamri yake yote, asije mtu akasema amekataa kukaa alipoketishwa. Halafu akasimama, akasema, "Ahsante kwa chai, mama Peris," akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jedidah alijitokeza na mikono ya unga.

"Umemwambia nini?"

"Nimempa nafasi nzuri."

"Nafasi nzuri alikuwa nayo. Nilimweka pale mimi."

"Mama Peris, hii ni biashara. Mtu hawezi kukalia meza ya mbele masaa mawili na chai ya bure."

"Si ya bure. Anachinja."

"Kuku watatu! Dakika kumi!"

Jedidah akarudi kwenye unga wake. Hakumwambia alimweka mzee pale kwa nini, na Zephaniah hakuuliza.

*

Kesho yake kuku watatu kutoka Werugha, walioteremshwa na basi la asubuhi, walikaa uani wamefungwa miguu wakimngoja Abdulghani. Jua lilipanda. Mzee hakuja.

Nyama ya ng'ombe na ya mbuzi haikuwa na shida, ilitoka sokoni ikiwa imechinjwa tayari na Waislamu. Shida ilikuwa kuku. Jedidah alikuwa mama wa kanisa na hakuficha, lakini nusu ya wateja wake walikuwa Waislamu, watu wa reli na wenye maduka waliotoka Pwani, na tangu siku ya kwanza aliweka sharti kwamba shingo ya kuku haiguswi hotelini mwake ila na mkono wa Muislamu. Abdulghani alipita kila alfajiri akitoka msikitini, akachinja, akanawa, akaketi. Hapakuwa na mapatano mengine.

"Kuku leo hakuna," Jedidah aliwaambia wateja.

"Hakuna? Si ninawasikia hapo nyuma?"

"Wapo. Hawapikwi."

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu kuku walifunguliwa miguu, wakaanza kujiona wenyeji, mmoja akaingia kutembea chini ya viti vyekundu. Karani wa reli aliyekula pale kila mchana alisimama kizingitini, akatazama meza ya mlangoni, akaona ua la plastiki.

"Mzee wetu mgonjwa?" aliuliza.

"Mzima kabisa. Karibu ndani, karibu, chagua kiti."

"Nitarudi," alisema karani, akavuka barabara.

Zephaniah alimfuata kwa macho hadi kwa Nzioka. Mlangoni kwa Nzioka, juu ya kiti cha kukunja, na redio ikiimba juu ya kichwa chake, alikuwa ameketi mzee Abdulghani na gazeti la jana. Nzioka, mwanamume mnene mwenye kucheka hovyo, alikuwa akimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Alipomwona Zephaniah alipunga birika.

"Jirani! Hongera kwa viti!"

Zephaniah alirudi ndani akamwambia mkewe kwamba Nzioka ni mwizi.

"Ameiba nini?"

Zephaniah alikwenda kunyoosha viti vilivyokwisha nyooka. Lakini hasira ilikuwa ndogo kuliko hofu, na hofu ilikuwa na sababu. Jumamosi hiyo bwana Miraj, stesheni masta, alikuwa akiagwa baada ya kutumikia reli maisha yake yote. Kamati ya watu wa reli ilikuwa imeiagiza karamu kwa Zephaniah, si kwa Nzioka: pilau ya kuku kwa watu thelathini. Na mwenyekiti wa kamati alikuwa amesema wazi, wakiipenda, wafanyakazi wote wa stesheni watakula pale kila mchana. Bila watu wa reli hoteli haifiki Krismasi. Viti vimemeza kiinua mgongo. Peris angetolewa shule, nao wangefunga virago wapande Werugha kulima matuta ya Crispus, kaka yake Jedidah, ambaye kila walipokutana alimwuliza shemeji yake, "Bado unapika?" akacheka hadi akashika mbavu.

Kuku ishirini wa pilau walikuwa tayari uani. Wa kuwachinja ndiye hayupo.

*

Alhamisi Zephaniah alivaa tai akaingia mjini kutafuta kisu. Aliona jambo jepesi, Voi nzima imejaa Waislamu.

Alianza na muuza nyama wa sokoni.

"Kuku ishirini? Kazi ndogo," alisema yule bwana akipiga shoka kwenye mbavu. "Lakini kwani mzee Abdulghani amekufa?"

"Hajafa."

"Basi mchinjaji wako yupo. Na mimi nimemwoa mpwa wake, bwana. Nikichinja mahali alipoondolewa, leo nyumbani silali kitandani."

"Hakuondolewa. Alihamishwa."

"Ee. Tulisikia. Karibu na jikoni." Muuza nyama akapiga shoka tena. "Tuliambiwa kuna joto."

Akaenda kwa mwenye duka la vitambaa. Huyo alimpa kiti, akamwagizia soda, akamsikiliza hadi mwisho kwa adabu yote, kisha akamwonyesha mkono wake wa kulia na kusema siku hizi unatetemeka. Wakati huohuo alikuwa akikata khanga kwa mkasi, mstari umenyooka kama reli. Akaenda kwa yule karani.

"Mimi, mzee?" karani alishtuka. "Mimi nimezaliwa mjini, hata inzi sijawahi kumchinja."

Akajaribu fundi baiskeli. Fundi alikubali mara moja, tena kwa furaha, na Zephaniah alikuwa tayari amempa mkono alipokumbuka kumwuliza jina lake. Fundi alikuwa Mkristo wa Mahoo, amejivalia kofia kwa sababu ya jua.

Kufikia mchana habari ilikuwa imemtangulia. Watu walimwona anakuja wakaanza kujikagua kama wana kisukari, kama wana safari, kama mke amejifungua. Hakuna aliyemtukana. Heri wangemtukana. Wote walimpa soda, na akarudi nyumbani tumbo limejaa gesi na mkono mtupu.

*

Ijumaa asubuhi alishika kisu cha jikoni, akakipitisha kwenye jiwe la kunolea.

"Unaenda wapi na hicho?" Jedidah aliuliza. Alikuwa akimenya vitunguu saumu vya pilau, karai zima.

"Kisu ni kisu, mama Peris. Kuku akifa amekufa. Akishaingia kwenye pilau nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe ni mke wangu!"

"Ndiyo. Na wale ni wateja wangu. Wananipa matumbo yao kila siku bila kuchungulia sufuriani. Unajua ni kitu gani hicho, Zephaniah?" Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu Peris azaliwe. Aliuweka mwiko juu ya meza, mbele yake. "Ukichinja wewe, pika wewe. Na kesho wakiniuliza, nitawaambia."

"Unataka tufunge?"

"Sitaki tufunge. Nataka uende Majengo ukamwombe mzee radhi. Ni maneno mawili. Umepuliza filimbi ya reli miaka ishirini, maneno mawili yatakushinda?"

Zephaniah alibaki na kisu mkononi. Jogoo mmoja alimtazama kwa jicho moja bila wasiwasi wowote. Aibu ilimpanda kutoka kifuani hadi masikioni, maana alijua wazi kwamba angeliweza kufanya lile jambo, na kwamba bila mwiko ule kuwekwa mezani angelilifanya. Akarudisha kisu.

*

Khamisa, mke wa mzee Abdulghani, ndiye aliyefungua mlango. Alimtazama tai, akamtazama viatu.

"Karibu, bwana Zefania. Lakini ndani kuna wageni, hakuna nafasi. Nimekuwekea kigoda hapo nje. Kuna jua zuri."

Akaketi. Hapakusikika sauti ya mgeni yeyote ndani ya ile nyumba, ila kijiko kilichokoroga kitu kwa raha. Majirani walipita wakimsalimu mmoja mmoja, wengine wakapita mara mbili. Mzee alipotoka hatimaye, Zephaniah alikuwa ameloa jasho mgongo mzima.

"Shikamoo, mzee. Habari za siku?"

"Alhamdulillahi. Hajambo mama Peris?"

"Mzima. Anakusalimu. Mzee, nimekuja... Kesho kuna ile karamu ya bwana Miraj. Kuna kuku. Na wewe unajua kazi yako. Kwa hiyo, kulingana na jinsi mambo yalivyokuwa, nikaona ni vizuri tukae tuone vile tutasonga mbele..."

Aliizunguka ile radhi kama mtu anayezunguka dimbwi. Alisema habari za viti. Alisema habari za usasa, na nchi inakokwenda. Alisema habari za reli. Mzee alimsikiliza kwa subira, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu anayengoja treni ambayo ratiba inasema imo njiani.

"Yaani kwa kifupi," Zephaniah akamalizia, "kuna kuku ishirini."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Abdulghani alingoja kidogo zaidi. Halafu akaguna.

"Haya. Nitakuja. Kuku hawana kosa."

Zephaniah alirudi nyumbani akipiga mluzi. "Amekubali!" alimwambia mkewe. "Na hata sikuhitaji kuomba radhi."

Jedidah aliutazama mwiko wake. "Umefanya vizuri," alisema, kwa sauti ambayo mume mwenye akili angeiogopa.

*

Jumamosi mzee alikuja baada ya sala ya alfajiri kama alivyoahidi. Alichinja kuku wote ishirini, kila mmoja kwa bismillahi yake, bila haraka, akanawa mikono na kisu. Zephaniah alikuwa amemngoja na taulo. Alikuwa amemtayarishia meza ya mlangoni, chai moto, mahamri mawili, hata gazeti la siku hiyo.

"Karibu mbele, mzee."

"La, bwana. Mgeni huketi alipowekwa." Abdulghani akaketi kwenye benchi bovu, akanyoosha miguu kuelekea motoni, akachomoa gazeti la jana kwenye mfuko wa kanzu.

Zephaniah alimwacha. Alikuwa na mambo makubwa ya kufanya. Alipanga viti, akapanga maua, akaandika namba juu ya meza kwa chaki. Pilau ilipoanza kunukia, harufu ilitoka uani, ikapita hotelini, ikavuka barabara na kuingia kwa Nzioka bila hodi. Saa saba bwana Miraj alifika na watu wake, Waislamu kwa Wakristo, wamevaa kama Idi na Krismasi zimeangukia siku moja.

"Karibuni! Karibuni viti!"

Bwana Miraj aliingia, akapepesa macho.

"Mzee Abdulghani yuko wapi? Siwezi kuketi kabla sijampa mkono."

"Yuko nyuma, bwana mkubwa. Amependa mwenyewe kukaa kule. Wewe keti tu, nita..."

Miraj alikuwa amekwisha pita. Alipokuta mzee yuko kwenye benchi, aliinama akampa mkono wa kwaheri wa miaka mingi, na kwa kuwa si adabu kumwamkia mzee ukiwa umemsimamia, akaketi ubavuni pake. Benchi likachechemea. Mwenyekiti wa kamati, akiona mgeni wa heshima ameketi, akatafuta gunia la mkaa akaketi naye. Basi wengine wakafuata. Mtu alikaa juu ya jiwe, mtu juu ya ndoo iliyopinduliwa, wawili juu ya kinu kilicholazwa. Watu thelathini waliingia katika ua wa kuku na moshi, wakabanana magoti, na Jedidah akachungulia kutoka jikoni, akawatambua mmoja mmoja, akaanza kupakua.

"Mama Peris!" mtu aliita. "Sasa hii ndiyo hoteli yako! Ilikuwa imepotelea wapi?"

Kicheko kilipasuka hadi kikafika mbele, kwenye viti vyekundu, ambako alikuwako Zephaniah peke yake.

Alisimama mlangoni na tai yake. Hotuba zilianza kule nyuma, alisikia makofi bila kusikia maneno. Basi la Mombasa lilikuwa limesimama mkabala, abiria wakishuka kunyoosha miguu. Mwanamke mmoja wa buibui, watoto wawili mkononi, alitazama kwa Nzioka, akatazama huku. Zephaniah alijinyoosha.

"Karibu, mama! Hoteli ya kisasa! Pilau ya kuku, moto moto!"

Mwanamke akasogea hadi kizingitini. Alinusa, na mtoto mdogo alikuwa tayari ameshika kiti. Kisha akapitisha macho meza ya kwanza hadi ya mwisho, akamrudia Zephaniah na tai yake.

"Kachinja nani?"

"Amechinja Muislamu, mama. Kweli kabisa."

"Yuwapi?"

Zephaniah alinyoosha kidole ukutani. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na Waislamu kumi na wanane, mmoja wao akiwa na damu ya kuku bado kwenye ncha ya kanzu, na hakuna hata mmoja aliyeonekana.

"Haya, ahsante," alisema mwanamke, kwa sauti ile ya mtu aliyekwisha ondoka, akamvuta mtoto. Alivuka hadi kwa Nzioka, akachungulia, akaona kiti cha kukunja kitupu na Nzioka anacheka, akarudi nyuma. Akabaki katikati ya barabara, juani, na watoto wake wenye njaa, kati ya milango miwili asiyoiamini.

Zephaniah alimtazama. Kisha akageuka akatazama meza ya mlangoni, lile gazeti jipya lisilofunguliwa, ua la plastiki. Akatoka nje, akainua macho kwenye kibao chake kilichomlia pesa nyingi kuliko viti, herufi kubwa nyekundu, jina lake zima. Hakuna herufi hata moja pale iliyomwambia mama yule kachinja nani.

Alipita hotelini mbio.

Uani mwenyekiti wa kamati alikuwa katikati ya hotuba. Zephaniah alijipenyeza hadi mbele ya benchi, moshi ukamwingia machoni, na hotuba ikakatika yenyewe. Watu wote walimtazama. Jedidah alisimama na mwiko mkononi.

"Mzee Abdulghani. Nakuomba urudi mezani kwako."

"Meza ile, bwana Zefania, uliniambia kuna watu waingojea."

Watu wakacheka. Zephaniah aliwaacha wamalize, kwa sababu hakuwa na la kufanya.

"Haikuwa na mtu. Hata siku ile haikuwa na mtu." Akalegeza tai. "Nilikukosea, mzee. Wewe umeikalia hoteli hii miaka minane ndipo watu wakaingia, na mimi nikakutoa kwa sababu ya viti. Nisamehe."

Jedidah alishusha mwiko.

"Alaa," mzee alisema. Akashika goti la stesheni masta ili ajiinue. "Neno limefika. Jana ulikuja nalo mpaka kwangu Majengo, ukanionyesha pande zote, ukarudi nalo nyumbani. Nikasema, masikini, labda anampelekea mkewe." Akachukua sahani yake ya pilau. "Yamekwisha, mwanangu. Twende."

Aliketi kwenye meza ya mlangoni, akalisukuma pembeni lile gazeti jipya, akakunjua la jana. Hakutazama barabarani hata mara moja. Lakini yule mwanamke aliiona ile kofia, na kanzu, na mkono ukitia tonge la pilau kinywani, akaja moja kwa moja na watoto wake.

"Shikamoo, babu. Hapa pana chakula chetu?"

"Marahaba. Mimi nala hapa mwaka wa nane," alisema Abdulghani, macho kwenye gazeti. "Ketini. Washike watoto, viti vyateleza."

Nyuma ya mwanamke wakaja abiria wengine wawili, kisha watatu. Zephaniah alibeba sahani hadi meza zikajaa zote, hadi tai ikaingia kwenye mchuzi, akaivua akaitia mfukoni. Alipokwisha, njaa ilikuwa inamuuma kweli. Mbele hapakuwa na kiti. Uani watu wa reli walikuwa wamejibanza kila mahali, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, kwenye benchi bovu, pale mzee alipotoka. Aliketi, likachechemea.

Jedidah alikuja na sahani ya pilau, kipande kikubwa cha kidari juu yake, akamwekea mapajani.

"Kuna joto?" aliuliza.

Zephaniah alipangusa macho kwa ile leso aliyopangusia viti.

"Kuna joto," alisema, akaanza kula.